Kura Nne za Mpole

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Kobe ameduwaa mbele ya kompyuta, mkono kichwani, matokeo ya uchaguzi yakimkodolea macho. Hajabadili mkao. Kiongozi mpya wa Kabati ni Mpole, kwa kura nne kati ya sita. Na Mpole, msomaji wangu, hayupo. Hajawahi kuwepo. Mpole ni Kobe mwenyewe.

Kwa wewe uliyekosa gazeti wiki zilizopita (na hilo tutalisamehe leo tu), mambo ni hivi. Kabati ni programu huria: huandikwa na watu wa kujitolea, na anayeitaka anaichukua bure. Zahanati mia nne huitumia kujua dawa gani imebaki rafuni na ipi inakaribia kuisha muda. Zamani walioiandika walizidi thelathini. Mwanzilishi alipochoka aliondoka bila hata kuaga, wengine wakamfuata mmoja mmoja, na mradi ukakwama kama gari kwenye tope. Kobe, anayeandika programu, alibaki na Karani, mwanamke anayetunza kumbukumbu na barua. Wameandikiana miaka sita. Sura zao hawazijui.

Sasa, Kabati ina kanuni moja, ya mikono miwili. Akiandika mmoja, lazima mwingine akague na kuidhinisha, ndipo kazi iende kwenye zahanati. Karani hajui kuandika programu. Basi miaka mitatu iliyopita Kobe aligundua kosa lililokuwa likificha dawa zilizoisha muda, akalirekebisha, akatafuta wa kumkagulia, akakosa. Akafungua akaunti ya pili, akaiita Mpole, akajikagulia mwenyewe. Ilikuwa mara moja tu. Wote husema hivyo.

Baada ya mwezi Mpole alianza kusalimia watu. Akawa anauliza watu wameamkaje, anatania, anaomba radhi. Kobe, ambaye jina hilo alipewa kwa sababu akiandikiwa Jumatatu hujibu Alhamisi, alishangaa jinsi Mpole alivyokuwa mwepesi wa maneno. Na taratibu watu wakarudi, au ndivyo ilivyoonekana: akaja Mwalimu, akaja Daktari Mstaafu, akaja Nyuki na vichekesho vyake. Sita wote, ukihesabu Kobe, Karani na Mpole.

Leo ndiyo siku ya kufa au kupona. Seva, yaani kompyuta kuu ya Kabati, iko kwenye stoo ya chuo kimoja, na jengo hilo linabomolewa. Umeme unakatwa saa sita mchana. Taasisi moja inayotunza miradi kama hii imekubali kutoa seva mpya, kwa masharti mawili: mradi uwe na kiongozi aliyechaguliwa, na uwe na wanachama watano walio hai. Anwani ya seva mpya atakabidhiwa kiongozi, uso kwa uso, kamera wazi, saa tano kamili. Anwani ikipatikana, Kobe anazielekeza zahanati zote mia nne huko kabla umeme haujakatika. Isipopatikana, kompyuta za zahanati zitabaki zikiita mahali pasipo na mtu, na Kabati itakuwa imekufa.

Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika ishirini.

Kobe aliinuka, akatoka mbio kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Chumba chake kiko nyuma ya nyumba ya dada yake, na kimepakana ukuta na kibanda cha kunyolea cha shemeji yake. Alimkuta shemeji ameshika mashine, kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja.

"Shemeji, nisaidie dakika kumi. Nataka uwe mtu mwingine."

"Huyu niliye ana ubaya gani?"

"Ukae mbele ya simu ya dada, useme wewe ni Mpole. Wakikuuliza kama unakubali kuongoza, sema nakubali. Basi."

"Kuongoza nini?"

"Hata ukiambiwa hutaelewa. Naomba tu, shemeji. Sijawahi kukuomba kitu."

Shemeji alimtazama. Ni kweli, hakuwahi kumwomba kitu. Miaka tisa ya kuishi uani kwao, hata chumvi hakuwahi kugonga kuomba. Shemeji alizima mashine.

"Na mimi je?" alifoka mteja.

"Wewe usitoke nje hivyo, watu watakucheka. Kaa usome gazeti."

Dada yake Kobe, ambaye ni fundi cherehani, aliwapisha sebuleni huku pini ziko mdomoni. Alipoelezwa alizitema zote kiganjani. "Huyo Mpole ana mke? Kama ana mke nijue mapema, maana huyu mume akianza kuigiza haachi."

"Hana mtu," alisema Kobe, akarudi chumbani kwake upesi.

Saa tano kamili skrini ilifunguka vyumba vinne. Kimoja alikuwemo Afisa wa taasisi, kijana mwenye tai na sauti ya haraka. Kingine shemeji, aproni bado shingoni, cherehani ikionekana nyuma yake. Cha tatu Kobe mwenyewe. Cha nne kilichelewa kidogo, kikafunguka, na Kobe akamwona Karani.

Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, miwani minene, nywele zimesukwa upya. Nyuma yake kilionekana kitanda kilichotandikwa na kiti kimoja. Alikuwa amevaa kama anakwenda harusini.

"Mpole!" alisema, tabasamu limejaa uso mzima. "Hatimaye. Nilijua una uso wa ukarimu."

Shemeji aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Habari, Kobe," aliongeza Karani.

"Nzuri," alisema Kobe. Miaka sita, na hilo ndilo alilopata. Alishikwa na wivu, tena wivu wa kumwonea mtu aliyemtunga mwenyewe. Umewahi kusikia maajabu hayo?

Afisa hakuwa na muda wa salamu. "Wanachama wengine wako wapi?"

"Wamepata udhuru," alijibu Karani harakaharaka. "Mwalimu anasumbuliwa na goti, Daktari Mstaafu yuko safarini, Nyuki hana mtandao."

"Wote watatu, siku moja?"

"Bahati mbaya."

Afisa aliandika kitu. "Tutarudi hapo. Bwana Mpole, unakubali kuongoza mradi huu?"

"Nakubali," alisema shemeji, kwa sauti nzito ya kuapishwa. Kutoka chumba cha pili dada alisikika akicheka.

"Vizuri. Kama hakuna pingamizi, nampa anwani."

Kobe alipumua. Dakika moja tu, akajiambia. Dakika moja na Kabati imepona.

"Hakuna pingamizi," alisema Karani. "Nina swali tu, la kwangu binafsi. Mpole, siku mama yangu alipofariki uliniandikia maneno fulani. Nimeishi nayo miaka miwili. Leo nakuona. Naomba uniambie kwa mdomo wako."

Shemeji alikohoa. Akatazama juu, akatazama pembeni, kisha, kosa la makosa, akageuka dirishani kumtafuta Kobe ng'ambo ya ua. Kobe alimwona kupitia kioo, macho yamemtoka, midomo ikiuliza nisemeje.

"Nilisema... pole," alijaribu shemeji. "Nilisema pole sana, dada yangu."

Tabasamu la Karani lilianza kuzimika. Kobe alilitazama likizimika, na moyo ukamuuma kuliko alivyotarajia. Kumbe angeweza kuvumilia yote, ila si hilo.

"'Usijibu barua ya mtu yeyote,'" alisema Kobe. "'Kaa na mama. Barua za wageni nitazijibu mimi. Na ukishindwa kulala niandikie, hata kama huna la kusema.'"

"Hayo hukuyaandika wewe, Kobe," alisema Karani polepole. "Wewe hukuniandikia hata neno."

"Niliandika. Kwa jina lile."

"Samahani," alidakia Afisa. "Mpole ni nani hapa?"

Shemeji alisimama akavua aproni, kisha akaona afadhali aivae tena. "Bwana Afisa, mimi ni kinyozi. Nina mteja nusu kichwa. Kobe, nisamehe shemeji, nimejitahidi." Chumba chake kikazimika.

Afisa alifunga daftari lake. Kwa sura yake, alikuwa ameshakasirika vya kutosha. "Nakwenda kuzungumza na mkuu wangu. Saa sita kasoro dakika kumi nitarudi. Nataka kuona watu, si majina. Watu watano."

Naye akazimika. Wakabaki wawili, kila mmoja kwenye kijumba chake, wakitazamana kwa mara ya kwanza maishani.

Karani alivua miwani, akaifuta kwa ukosi wa gauni lake la kwendea harusini, akaivaa tena. Kobe alingoja atukanwe. Alistahili.

"Kura nne," alisema Karani. "Unajua nani alimpigia Mpole kura nne?"

"Wewe. Mwalimu. Daktari. Nyuki."

"Mimi," alisema Karani. "Mara nne."

Kobe hakuelewa. Halafu akaelewa.

"Mwalimu?"

"Uliandika siku moja, 'Nadhani tumebaki wawili, tuzime taa twende.' Niliogopa. Nikasema huyu akiondoka nitabaki na nani? Kesho yake nikamleta Mwalimu. Ukachangamka. Ukaandika siku mbili mfululizo! Nikamleta na Daktari."

"Na Nyuki?"

"Nyuki ni vichekesho vya marehemu mama. Alikuwa akinisimulia, naandika."

"Lakini Mwalimu alifanyiwa upasuaji wa goti," alisema Kobe, kama mtu anayebishana na daktari. "Nilikuwa namuulizia kila wiki. Nilimwombea!"

"Goti lilikuwa la mama. Nilikuwa namsomea ulivyoandika. Alifurahi sana. Alisema huyo rafiki yako Mpole ana moyo, lakini na huyu Kobe naye si haba."

Kobe alifunika uso. Msomaji, mtu akifiwa majirani huja, mikeka hutandikwa, watu huulizana ilikuwaje. Kobe alikuwa amefiwa na marafiki watatu ndani ya dakika tano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaliwa, na kilio chake angempelekea nani? Dada yake angesema hao ni herufi tu. Ni kweli walikuwa herufi. Lakini jioni nyingi alifunga kazi akijiambia, leo nimeongea na watu.

"Na mimi nimempoteza mmoja," alisema Karani. "Usidhani uko peke yako."

"Mpole nilimtoa kichwani mwangu, Karani. Maneno yake ni yangu."

"Basi kwa nini hukuyasema mwenyewe?"

"Nilikuwa naona haya," alisema Kobe.

Karani alitikisa kichwa. Hakucheka wala hakulia. Alitazama saa. "Saa tano na dakika thelathini na tano. Tutagombana baadaye. Afisa anataka watu watano, na sisi ni wawili. Watu wanatoka wapi? Kwenye zile barua za wageni hakupatikana hata mmoja wa maana?"

"Barua zipi?"

"Za wageni. Wanaoandika kutaka kujiunga, au kusaidia. Si ulizichukua?"

"Nilizichukua wiki ile ya msiba. Zilikuwa tano au sita, nikazijibu zote kama Mpole."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ulirudi kazini. Nikajua umezichukua tena."

"Hukunirudishia."

"Hukuniomba."

"Nikuombe vipi, na wewe uliniambia utazijibu? Niliona unanibebea mzigo! Kila siku nilikuwa nasema Mungu ambariki Mpole, hata barua siku hizi sizioni."

Nadhani unaona walichokiona, nao walikiona kwa kuchelewa kama wewe ungechelewa. Miaka miwili sanduku la wageni halikuwa na mwenyewe. Huyu alidhani analo yule, yule alidhani analo huyu, na wote wawili, kila walipoona kimya, walisema dunia imetusahau.

Kobe alijaribu nywila ya zamani. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu sanduku likafunguka.

Barua mia mbili na kumi na tatu.

"Soma," alisema Karani. "Soma kwa sauti."

Kobe akasoma. Mfamasia aliyestaafu, anataka kutafsiri Kabati, anaomba aelekezwe. Mwanafunzi wa chuo aliyepata kosa kwenye orodha ya dawa za watoto, na ameshalirekebisha, kazi hiyo hapo, tafadhali ikagueni. Mtunza stoo anauliza kama kuna mtu. Mama mmoja ana kompyuta tatu za ziada. Mtunza stoo yuleyule, miezi miwili baadaye, anauliza tena. Mwanafunzi anauliza kama kazi yake ilikuwa mbaya kiasi cha kutojibiwa, na kwamba haidhuru, amejifunza mengi.

"Ya mwisho ya huyo ni ya lini?" aliuliza Karani.

"Mwaka jana."

Kuna jina lililorudi na kurudi. Mwenyewe alijiita Muuguzi. Barua yake ya kwanza ilikuwa ya wiki ya msiba, na chini yake kulikuwa na jibu la Mpole, refu, la kutia moyo: *Umeanza vizuri sana, usiogope kukosea, tuko pamoja.* Baada ya hapo Muuguzi aliandika mara kumi na tatu. Kila barua ilikuja na kazi ndani yake. Alikuwa amesuka upya ukurasa wa chanjo. Alikuwa amerekebisha kosa ambalo Kobe mwenyewe lilimshinda. Kobe alipitia mistari ile akaona mkono wa mtu anayejua anachofanya, na akaona miezi yote aliyokaa hapa akitunga mtu wa kumkagulia kazi.

Barua ya kumi na nne ilikuwa ya juzi. Aliisoma mara moja kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

"'Kwa mtakaoisoma, kama mpo. Miaka miwili nimegonga. Nimekutana na wengine mliowanyamazia kama mimi, mfamasia, mtunza stoo, mwanafunzi na wenzao, sasa tuko kumi na mmoja. Tumechukua nakala ya Kabati, ambayo ni haki ya kila mtu, na tunaanza ya kwetu. Tumeomba seva kwenye taasisi ileile. Tumepangiwa Ijumaa, saa sita mchana. Hatuna njia ya kuzifikia zahanati mia nne, tutaanza moja baada ya moja, kwa miguu. Sina kinyongo. Nilitaka tu mjue kwamba watu walikuja.'"

Ijumaa ndiyo leo.

Karani alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili. Saa ilisema saa sita kasoro dakika kumi na tano.

"Wana watu," alisema Kobe, "hawana njia. Sisi tuna njia, hatuna watu."

"Mwandikie."

"Nimwandikie nini?"

"Ukweli, Kobe. Andika upesi. Leo usiwe Kobe."

Akaandika. Hakupanga maneno. Aliandika kwamba barua zake zote zimesomwa leo, ndani ya dakika kumi, na kwamba kosa ni lake na la mwenzake. Kwamba kazi yake ni nzuri kuliko ya yeyote aliyebaki. Kwamba funguo za kuzielekeza zahanati zote mia nne anazo yeye, na yuko tayari kuzikabidhi, pamoja na uongozi, bila sharti, hata kama hao kumi na mmoja hawatataka kumwona humo tena. Kwamba umeme unakatwa saa sita. Akatia sahihi jina lake la kweli, lile la kwenye kitambulisho, ambalo hata Karani alikuwa halijui. Akatuma.

Dakika moja ikapita. Mbili. Ng'ambo ya ukuta mashine ya shemeji iliunguruma, mteja akalalamika.

"Ukiondolewa utafanya nini?" aliuliza Karani kwa sauti ndogo.

"Sijui. Wewe?"

"Sijui. Nina kiti kimoja hapa, umekiona."

Kobe alitaka kusema kitu. Alikuwa nacho kabisa, na hapakuwa na Mpole wa kumsemea. Akafungua mdomo.

Afisa akarudi skrini nzima.

"Nimezungumza na mkuu," alisema, sasa kwa sauti ya mtu asiyejua acheke au aite polisi. "Jambo la ajabu kidogo. Waombaji wetu wa saa sita wamejitokeza mapema. Wako kumi na mmoja, wako mlangoni, wanaomba kuingia kwenye mkutano huu. Anayewaongoza ni muuguzi. Anasema amepata barua yenu sasa hivi, lakini jina lililotiwa sahihi halijui, na hatapokea funguo kutoka kwa mtu asiyemjua."

"Anataka nini?" aliuliza Kobe.

"Anasema humo ndani kuna mtu mmoja tu aliyewahi kumjibu, ndiye aliyemfanya asikate tamaa miaka miwili. Atazungumza na huyo peke yake, na akimkosa wanaondoka. Anamtaka Mpole." Afisa alitazama saa yake. "Nimeshindwa kumwambia kwamba hayupo. Mmebakiwa na dakika tisa. Niwafungulie?"

Karani alimtazama Kobe, na Kobe akaitazama kamera.

"Wafungulie," alisema Kobe. "Nitamwambia mwenyewe."